Kodi ya Wafupi

Kiwanda kinachotengeneza pikipiki kule India au China hakikuniuliza urefu wa miguu yangu. Hakikumuuliza mtu yeyote wa Uvira, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Pikipiki inashushwa bandarini Dar es Salaam, inasafiri hadi Kigoma, inavuka ziwa mpaka bandari ya Kalundu, ama inazungukia Bujumbura na kuingilia mpaka wa Kavimvira. Katika safari yote hiyo, mbele ya meza zote zinazogonga mihuri, hakuna hata mtu mmoja anayeuliza, "Na huyu atakayeipanda, miguu yake itafika chini?" Injini inalipiwa, magurudumu yanalipiwa, hata karatasi ya kuandikia malipo inalipiwa. Kodi ya miguu mifupi wamemwachia mnunuzi ajitoze mwenyewe.

Kodi hiyo ndiyo ninayoilalamikia leo. Wasomaji warefu wanaruhusiwa kufungua ukurasa mwingine.

Mimi ni mfupi. Si ufupi wa kuonewa huruma. Ni ule wa kawaida, wa kusogezwa mstari wa mbele kila picha ya harusi inapopigwa, wa kuitwa "kijana" na mwenye duka kabla hajaziona mvi. Kwa ufupi huuhuu nimesoma, nimeoa, nimezaa na nimejenga. Mama watoto hajawahi kulalamika. Pale soko la Maendeleo napenya katikati ya watu bila kugongwa kichwa na ndoo, sufuria wala viatu vinavyoning'inia. Ni pikipiki peke yake iliyoona kwamba nina kasoro.

Na kabla hujanihukumu kwa kununua kitu kisichonienea, nikueleze pikipiki inarefushwa na nini, maana watu wengi wanadhani imeinuliwa ili ipendeze. Imeinuliwa kwa ajili ya barabara. Tumbo la injini likikaa chini, jiwe litalipasua. Basi fremu inapandishwa. Gurudumu la nyuma linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka mashimoni. Basi amortiseri zinarefushwa, zile ambazo ndugu zetu wa Kigoma wanaziita shokapu. Juu ya fremu wanaweka tangi, nyuma ya tangi wanaweka kiti, na juu ya kiti nakuja mimi, wa mwisho kabisa, nikiitafuta ardhi kwa ncha za vidole. Mtu wa Paris anakalia skuta fupi kwa sababu chini yake kuna lami. Mimi nimening'inizwa hewani kwa sababu chini yangu kuna RN5.

RN5, kwa wasioijua, kwenye ramani ni barabara kuu ya taifa. Inatoka Lubumbashi, inapita Kalemie, Fizi na Baraka, inaingia Uvira, halafu inafuata bonde la Ruzizi hadi Kamanyola na kupanda kona za Ngomo kwenda Bukavu. Kwenye ramani imepigwa wino mwekundu mnene. Ukiikuta yenyewe mwezi wa nne, utadhani mchoraji wa ramani alikuwa na ndugu wizarani.

Mji wetu nao umebanwa katikati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na kila upande unatoa mchango wake. Milima inatuteremshia mawe kwa mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika usiku ukachukua watu, nyumba na madaraja. Hilo si la kuchekea, nalitaja tu ili ujue mawe tunayoyaruka barabarani yalifikaje. Ziwa nalo likapanda, na mwaka 2024 likaingia nyumba za watu bila kubisha hodi. Mji ulio kati ya mlima unaoshuka na ziwa linalopanda unahitaji pikipiki iliyonyanyuka. Hilo nakubali. Ninachouliza ni hiki: kwa nini gharama ya barabara mbovu ilipwe na sisi wenye miguu mifupi?

Maana tatizo la mfupi si kuendesha. Pikipiki ikishaondoka, wote tuko sawa; upepo hauulizi mtu urefu wake. Tatizo ni kusimama. Mrefu anasimama kwa kukanyaga breki na kuteremsha miguu yote miwili, huku akijibu simu. Mfupi anasimama kwa mpango. Lazima uanze kutafuta mahali pa kusimamia ukiwa bado mbali. Unapunguza mwendo, unahamisha tako la kulia hadi ukingo wa kushoto wa kiti, mguu wa kulia unabaki kwenye breki, wa kushoto unateremka kutafuta kitu cha kukanyaga. Ukikosea upande wenye mteremko, mguu unashuka, unashuka, unashuka, na ardhi haiji. Ndipo pikipiki yenye abiria, magunia na mwenye mali inapolala taratibu mbele ya watu ambao walikuwa hawana la kufanya.

Kwa sababu hiyo mimi nayajua mawe ya mji huu kuliko wale wanaolipwa kuyaondoa. Toka Kavimvira mpaka Kalundu naweza kukuchorea kila kitu kinachokanyagika: kuna kipande cha zege kabla ya daraja la Mulongwe, kuna mzizi wa mwembe pale kwa muuza simenti, kuna ukingo wa mfereji ambao ni mzuri wakati wa kiangazi na ni msaliti wakati wa mvua. Abiria akiniambia "Papa, niache hapa," namjibu "Hapa hakuna jiwe," nampeleka mbele kidogo. Wengine wanadhani nawaonea. Wengine wanadhani ni ibada.

Na maneno ya watu! Uvira mtu akianguka anainuliwa na mikono sita na kushauriwa na midomo ishirini. Siku moja mtoto mmoja, sare ya shule imejaa vumbi, alinitazama nikining'inia pale juu, kidole gumba kikigusa changarawe, akauliza kwa adabu zote, kwa Kiswahili chetu ambacho pikipiki ni moto, "Papa, ni moto iko murefu ao ni weye uko mufupi?" Mama yake akamzaba kikofi cha mapenzi, halafu akageuka upande ili nisimwone anavyocheka. Wazee nao walikuwa na methali yao: aliye juu mngoje chini. Wanaisema wakinipita, wanatikisa vichwa, wanaendelea na safari yao kwa miguu mirefu. Mimi nilingoja chini muda mrefu. Kiti hakikushuka. Ndipo nikaenda kwa fundi.

Lakini kabla ya fundi ilibidi nipite kwenye baraza la washauri, maana hapa kwetu huwezi kubadili hata balbu bila kikao. Mama watoto alisema ninunue viatu vyenye soli nene. Wazo si baya, ila viatu hivyo, kwa joto la Uvira la saa saba mchana, vinapika miguu. Jirani akasema nijifunze kukaa upande, utadhani nilikuwa nakaa vingine. Shemeji akasema niuze pikipiki ninunue nyingine. Shemeji zangu wote ni matajiri inapofika zamu ya kutumia pesa zangu.

Fundi wa viti, yule anayeshona makochi, ndiye aliyesema neno la maana. Alishika kiti kwa mikono miwili akanionyesha kwamba shida si kimo peke yake, ni upana. Kiti kikiwa kipana pale mbele karibu na tangi, mapaja yanatanuka, na mguu unaozunguka kiti kipana unapoteza urefu kabla haujaanza kuteremka. Kwa hiyo kuchonga sponji pembeni, hapo mbele, kunasaidia kuliko kuipunguza juu. Ukiipunguza juu, akasema, mfupa utakutana na bati, na ukifika Sange, kule bonde la Ruzizi, utakuwa umesahau kukaa. Nikamshukuru. Akachonga pembeni, mguu ukapata nafuu kidogo. Lakini mimi sikuwa natafuta nafuu kidogo. Nilikuwa natafuta ardhi.

Fundi wa pikipiki ninayemwendea anafanyia kazi chini ya mti, vifaa vyake vimepangwa juu ya gunia, na kila kifaa kina historia ya kilichokuwa zamani. Bisibisi moja ilikuwa spoku ya baiskeli. Nilipomweleza haja yangu aliweka spana chini akaniangalia.

"Mukubwa, watu wote wanakuja hapa kupandisha. Weye unataka kushusha?"

Ni kweli. Motari wetu, yaani wenye pikipiki za abiria, kazi yao ni kubeba: magunia ya mihogo, madumu, magodoro, familia nzima inayokwenda msibani. Wanataka sehemu ya nyuma ikae juu na iwe ngumu ili mzigo usiibonyeze. Wanakaza springi hadi mwisho, wanaongeza vipande vya mpira vya kila namna. Mimi ndiye mteja wa kwanza, alisema, anayelipa ili pikipiki yake iwe fupi. Nikamwambia kwamba kule Marekani Harley-Davidson walitengeneza hadi pikipiki inayoitwa Sportster 883 Low, imeshushwa tangu kiwandani, na kwamba kule Ujerumani BMW wanakuuzia pikipiki na kukuuliza unataka kiti cha kimo gani. Sisi wa Uvira tukiulizwa kitu dukani, tunaulizwa rangi.

"Kumbe kuna dawa," akasema fundi, akapeleka mkono nyuma ya mti.

Akatoa jozi ya amortiseri zilizotoka kwenye pikipiki ndogo zaidi, ambayo mwenyewe alishaachana nayo. Akazilaza sambamba na zangu juu ya gunia. Amortiseri haipimwi kuanzia ncha hadi ncha. Inapimwa toka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, pale boliti zinapopita. Fundi akapima kwa vidole, akapima tena kwa kipande cha kamba, akatangaza kwamba zile ni fupi kwa sentimita nne. Matundu yalilingana. Bei ikatajwa kwa dola, nikalipa kwa franka za Kongo, chenji nikarudishiwa kwa franka za Burundi. Biashara ya Uvira inahitaji mtu aliyesoma hesabu mpaka mwisho.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Pikipiki ikasimamishwa kwenye stendi ya kati, matofali yakawekwa chini ya fremu, boliti mbili za upande huu zikafunguliwa, mbili za upande ule, zile ndefu zikatoka, fupi zikaingia. Nikapanda. Nikateremsha miguu kwa heshima.

Kilichogusa chini ni sehemu ya mbele ya nyayo. Visigino bado vilikuwa hewani.

"Nne zangu ziko wapi?" nikauliza. Nililipia nne. Kwa macho nilipata mbili na nusu hivi. Fundi akakuna kichwa, na hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo lingeelezwa kabla pesa haijabadilisha mfuko. Ukikata miguu ya kitanda ya upande mmoja tu, ule upande utashuka wote, lakini anayelala katikati atashuka nusu. Gurudumu la mbele halikuguswa. Mimi nakaa kati ya magurudumu mawili, nimeegemea nyuma kidogo. Basi kiti changu kinashuka zaidi ya nusu ya kilichokatwa, lakini hakishuki chote. Chote kimekwenda kwa kile chuma cha nyuma cha mizigo, ambacho hakijawahi kulalamikia kimo.

Hata hivyo, mbili na nusu ni mbili na nusu. Niliondoka pale nikisimama kila mahali bila sababu ya kusimama, nikisimamia nyayo. Nilisimama hata pasipo na jiwe. Lakini pikipiki ni kitu chenye wivu. Ukiigusa sehemu moja, nyingine zote zinakuja kudai.

Wa kwanza kudai alikuwa stendi ya pembeni. Ile stendi ilipimwa kwa pikipiki ndefu. Pikipiki ikishushwa, stendi inabaki na urefu wake, na badala ya pikipiki kuegemea kushoto kwa utulivu inasimama wima. Niliiegesha mbele ya kibanda cha mama mmoja anayeuza nyanya, nikageuka kumsalimia. Upepo wa ziwa ukaja, mdogo tu, wa kupepea kitenge. Pikipiki ikaelekea kulia, upande usio na stendi. Zile nyanya nilizilipia zote, zilizopondeka na zilizotazama. Fundi wa kuchomea alikubali kuikata stendi na kuiunga upya, umeme ulipopenda kurudi. Stendi ya kati nayo haikukatwa, na matokeo yake ni kwamba kuipandisha pikipiki juu yake sasa kunahitaji kijana wa jirani, na kijana wa jirani anahitaji soda.

Wa pili alikuwa taa ya mbele. Sehemu ya nyuma ikishuka, pua inainuka, na taa inainuka na pua. Jioni ya kwanza nilimulika mapopo kwenye miembe. Waliokuwa wanakuja mbele yangu wakafunika macho na kunitolea maneno ambayo gazeti la familia halichapi, huku shimo lililokuwa miguuni mwangu likikaa gizani kwa raha zake. Hilo angalau lina dawa rahisi: unalegeza boliti za taa, unaiinamisha, unakaza. Lakini nani alikuwa ameniambia?

Wa tatu alikuwa cheni. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma ukibadili mlalo wake, umbali kati ya meno ya mbele na meno ya nyuma nao unabadilika, na cheni iliyokuwa imelegea vizuri inajikuta imekaza kamba, hasa abiria akikaa. Cheni iliyokaza inakula meno na inakula beringi. Nilianza kusikia mlio fulani nikadhani ni ndege. Kwado mmoja, hawa wanaoziba pancha kando ya barabara, ndiye aliyeinama, akaishika cheni kwa kidole akaniambia, "Papa, hii haipumui." Alinilegezea bila kunitoza. Namuombea heri.

Wa nne alikuwa mama wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na huyu ndiye aliyenimaliza. Ni abiria wangu wa miaka, mama mkubwa wa heshima, anapanda na beseni lake asubuhi akitokea ufukweni. Hakuna barabara Uvira isiyomjua. Amortiseri fupi ina safari fupi: pale ambapo ile ndefu ilikuwa inabonyea taratibu ikameza shimo, hii inabonyea kidogo tu halafu inafika mwisho, chuma kwa chuma. Na zile springi zilitoka kwenye pikipiki ndogo. Hazikuwahi kukutana na mama wa ndagala. Shimo la kwanza, tukasikia kishindo. Shimo la pili, gurudumu likapanda likakwangua madigadi, harufu ya mpira ikachanganyika na ya samaki. Mama akanigusa bega.

"Papa, hii moto yako imekaa chini sana. Unanifikisha sokoni ao unanizika?"

Nikamwambia tunafika. Akakaa kimya mpaka shimo la tatu. Halafu akashuka mwenyewe, akajitwika beseni, akaenda kwa miguu, na kwa aibu yangu alitangulia kufika.

Aliyebaki ni mlima wenyewe. Ndugu yangu mmoja anaishi kule juu, upande wa Lemera na Mulenge, na kwa mtu wa kando ya ziwa safari hiyo ni kuacha joto na mbu bondeni na kupanda hadi mahali watu wanapovaa makoti na ng'ombe wanapita barabarani kwa uhuru kuliko magari. Ziwa letu liko kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Milima iliyo nyuma yetu ina vilele vinavyopita mita 3,000. Njia ni ya mawe, na mvua ikinyesha inakuwa ya utelezi, na kona zake zinataka pikipiki inayotii.

Yangu ilikuwa imeacha kutii. Nyuma ikiwa chini, uzito wote unarudi nyuma. Ukianza kupanda, unarudi zaidi. Gurudumu la mbele likawa jepesi, linagusa njia kwa hiari yake. Ukikata kona kwa gidoni, inafikiria kwanza. Kisha likaja jiwe la kawaida kabisa, jiwe ambalo pikipiki hiyohiyo, kabla ya kushushwa, ingeliruka bila hata kulitazama. Likagonga tumbo la injini kwa sauti niliyoisikia kwenye meno. Nikasimama, nikateremsha nyayo zote mbili kwa ufahari wa mtu aliyelipia, nikainama kuchungulia. Hakuna oili iliyovuja. Kulikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Kijana mmoja aliyekuwa anashuka na mbuzi akasimama kunitazama.

"Mzee, hii moto ni ya mujini," akasema.

Nilitaka kumjibu, lakini jibu lilikuwa limelala pale njiani, lina ukubwa wa boga. Zile sentimita nilizopunguza hazikuwa za pikipiki hata siku moja. Zilikuwa za barabara. Kiwanda kiliziweka pale kwa sababu ya jiwe hilo, na mimi nilipoziondoa, jiwe lilikuja kudai chake. Katika nchi yenye barabara, mfupi anamwendea fundi, anashusha kiti chake na jambo linaisha. Kwetu anachagua: apoteze ardhi chini ya miguu au aikute kwenye injini.

Sasa, watu wa baraza lile la washauri wanangoja niseme kwamba walisema. Hawatalisikia neno hilo kwangu. Sikuzirudisha zile ndefu. Nilirudi kwa yule fundi, tukakaa chini ya mti na kuzungumza kiutu uzima. Tukatafuta jozi nyingine, fupi kwa sentimita mbili tu, zenye springi nene za kumbeba mama wa ndagala. Tukajaribu kuteremsha na mbele kidogo ili pua isibaki juu. Kuna pikipiki ambazo zile nguzo za mbele zinalegezwa na kusukumwa juu ndani ya vishikio vyake, lakini yangu ni ya aina ambayo nguzo zimefungwa juu kwa boliti na hazipandi popote, kwa hiyo mbele pakabaki palivyo. Kiti kilichochongwa pembeni kikamalizia kazi. Visigino havifiki. Nyayo zinafika nusu. Mama wa ndagala amerudi, ingawa bado akipanda anashika beseni kwa mikono miwili na kuanza kusali kabla sijawasha.

Kwa hiyo wewe mfupi mwenzangu, uliye Uvira, Baraka, Bujumbura au Kigoma, unayesoma huku kidole gumba kikitafuta changarawe, chukua haya bure. Kwanza angalia amortiseri ulizonazo: nyingi zina pete ya chini yenye vingazi. Izungushe hadi ngazi iliyo laini kabisa ukae juu yake ukiwa peke yako. Huenda ukapata sentimita ulizokuwa unazitafuta na hutatoa hata franka. Pili, mwone fundi wa viti kabla ya fundi wa pikipiki, na mwambie achonge pembeni. Tatu, ukiamua kuzifupisha, usivuke sentimita mbili au tatu, dai springi ngumu kuliko za zamani, na siku hiyohiyo legeza cheni, inamisha taa na kata stendi ya pembeni. Keti na abiria wako mzito kuliko wote, chungulia kama gurudumu linagusa madigadi, ndipo ulipe.

Na ninyi mnaoleta pikipiki kwa makontena, agizeni hata moja katika kumi yenye kiti cha chini. Wanawake wengi wanaotaka kuendesha wangewashukuru, na mimi ningesimama kwenye mstari wao bila aibu. Wenye barabara nao nina neno nao. Hatudai lami ya Paris. Ondoeni mawe ya RN5, zibeni mashimo kabla ya mvua za Machi, na mtakuwa mmeshusha kiti cha kila mfupi wa Kivu Kusini bila kushika spana.